MTOTO MMOJA HAANDIKISHWI MARA MBILI
Ufafanuzi kuhusu fomu za wategemezi zinazorudishwa, kwa watumishi wa umma na wakazi wa mji wa Babati

Watumishi wa umma na wananchi kwa jumla wanaarifiwa kwamba fomu ya kumwandikisha mtegemezi katika Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya hukataliwa endapo mtegemezi huyo tayari ameandikishwa chini ya mwanachama mwingine. Kukataliwa huko si adhabu, wala si kumnyima mtoto matibabu. Maana yake ni kwamba jina lake limo tayari katika daftari, na yapasa ijulikane limeandikwa na nani.

Kwanza inafaa kuondoa dhana moja. Wako wanaodhani kuwa kuandikisha watoto hupunguza kodi ya mshahara. Sivyo. Katika Tanzania Bara, kodi hiyo hukokotolewa kwa kuangalia kipato cha mtumishi, si idadi ya watoto wake. Faida ya kuandikisha mtegemezi ni matibabu.

Mfuko ulianzishwa kwa Sheria Na. 8 ya mwaka 1999, ukaanza kazi mwaka 2001. Mchango ni asilimia 6 ya mshahara: mtumishi hutoa asilimia 3 na mwajiri asilimia 3. Hivyo, kwa mshahara wa shilingi 600,000, kila upande hutoa shilingi 18,000 kwa mwezi. Kwa mchango huo hutibiwa mwanachama, mwenza wake na wategemezi wasiozidi wanne, yaani watoto, wazazi au wakwe.

Tatizo hutokea zaidi pale mume na mke wote wanapokuwa watumishi. Tuchukue mfano wa mwalimu na mkewe muuguzi, wote wa Babati, wenye watoto watano na bibi mzaa baba anayeishi Dareda. Mume amewaandikisha watoto wanne wa kwanza. Mke naye akijaza majina ya wale wale wanne, fomu yake itarudishwa. Wakati huo huo mtoto wa tano na bibi hawana bima, ilhali nafasi nne za mama zi tupu. Dawa yake ni mama kumwandikisha mtoto wa tano pamoja na mama mkwe wake, na bado atabakiwa na nafasi mbili.

Hivyo basi, mtumishi aliyerudishiwa fomu anashauriwa kufuata taratibu hizi:

(a) Aulize sababu ya kukataliwa, na alinganishe majina na tarehe ya kuzaliwa na cheti cha kuzaliwa. Pengine ni kosa la kuandika tu.

(b) Azungumze na mwenza wake au mzazi mwenziwe, wakubaliane nani ambakize mtoto.

(c) Wakikubaliana kumhamisha, yule aliyemwandikisha kwanza ndiye aombe kwa maandishi jina liondolewe, kupitia kwa Afisa Utumishi wake.

(d) Mwingine awasilishe fomu mpya pamoja na nakala ya cheti cha kuzaliwa, na abaki na nakala yake. Asiharakishe kumwondoa mtoto kabla upande wa pili haujawa tayari kumpokea, asije akaugua katikati ya safari hiyo.

Kwa wazazi waliotengana, ikumbukwe kuwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawapa wazazi wajibu wa kumtunza mtoto, matibabu yakiwemo. Ugomvi wao usiwe sababu ya mtoto kukosa dawa. Wakishindwa kuafikiana, wamwone Afisa Ustawi wa Jamii wa Halmashauri.

Aidha, inatolewa hadhari kwamba kubadili jina la mtoto au kutafuta cheti cha pili ili fomu ipite ni udanganyifu, na mhusika anaweza kushtakiwa. Wala hakuna cha kupata: mtoto aliyeandikwa mara mbili hatibiwi mara mbili, bali amekalia nafasi ambayo ingemfaa ndugu yake au bibi yake.

Kila familia yenye wachangiaji wawili inasisitizwa kukaa pamoja na kuandika orodha moja ya wategemezi wote, kisha kuigawa kati ya wanachama wawili. Kazi hiyo ifanywe sasa, watu wakiwa wazima, isingoje siku ya kumpeleka mgonjwa hospitali.