Mnyama aliyekufa porini, mumwache palepale

Wadogo zangu na wenzangu, najua wengine mnapanga kulala porini huku Tunda wikendi hii. Chandarua na maji ya kuchemsha mnavijua. Mimi naogopa kitu kingine: kima au kindi mnayemkuta amekufa njiani, halafu mmoja anasema chakula kimejileta. Hapana, jamani! Mpox huingia kwa damu na majimaji ya mnyama mgonjwa. Mtu wa kwanza kujulikana kuwa nayo alikuwa mtoto wa hapa kwetu Kongo, mwaka 1970. Kuipika sana nyama kunamsaidia anayekula. Yule aliyechuna ameshajigusa. Dalili zaweza kuchelewa hadi wiki 3. Mkirudi Kindu, mwenye homa na vipele asijifiche: aende kituo cha afya, aseme mlilala wapi na alishika nini.