Shairi Kwenye Kioo: Tubebe Kifaa Gani Twendapo Ngara?

Wengi wetu hudhani suala la kifaa cha kusomea ni la mafundi, si la wahakiki. Makala haya yanadai kinyume. Kifaa huamua shairi litaonekanaje, na umbo la shairi, kama tujuavyo sote, ni sehemu ya maana yake.

Tumchukue mwenzetu anayekwenda kufundisha kwa vitendo Ngara au Biharamulo. Basi linapita Nyakanazi na Lusahunga, la Ngara linaendelea hadi Benaco. Begi limejaa, vitabu kumi havibebeki. Afanyeje?

Kwanza kuna kishikwambi. Walimu wengi wanacho, maana vile vya Sensa ya 2022 viligawiwa walimu baadaye. Kioo chake ni kipana na hufungua karibu kila aina ya faili. Tatizo ni kwamba hutoa mwanga muda wote, hivyo hula chaji, na juani huoni kitu.

Kisha kuna Kindle na Kobo, vifaa vya wino wa kielektroniki. Humo chembe nyeusi na nyeupe husukumwa na umeme. Ukurasa ukishatokea, hubaki hapo bila kula umeme mpaka ufungue mwingine. Ndiyo maana ukizima taa yake chaji hudumu wiki kadhaa, na juani unasoma kama karatasi. Kobo husoma faili za EPUB moja kwa moja. Kindle, tangu 2022, huzipokea kupitia huduma ya Amazon inayozigeuza kwanza, na hapo lazima uwe na intaneti. Kwa mvua za masika, Kobo Clara 2E na Kindle Paperwhite za tangu 2018 hustahimili maji. Kindle ya kawaida, la.

Sasa tuje kwenye fasihi yenyewe. Utenzi hauna shida: kipande cha mizani 8 kinaenea vizuri kwenye kioo cha inchi 6. Tarbia je? Mshororo wake wa mizani 16 una ukwapi na utao. Kuza herufi kidogo tu, utao unakatika, kina cha mwisho kinaangukia mstari wa chini, na mwanafunzi anahesabu mishororo minane badala ya minne. Hapo utamwambia nini, ati ni shairi huru? Ukitumia PDF umbo linabaki, ila kwenye kioo kidogo herufi zinakuwa kama sisimizi.

Kwa mtazamo wetu, basi, msomaji wa riwaya safarini achukue Kobo. Nathari haidhuriki mistari ikipangwa upya. Mwalimu wa ushairi atumie PDF kwenye kishikwambi, na diwani moja ya karatasi isikose begini. Chaji ikiisha, vina havitapotea.

Wahakiki wenzetu mwasemaje?