Kabla hujauza balbu ya smati, uliza nani anazima taa

Wauzaji wenzangu wa mtandaoni, hii imenigharimu. Mteja wa Sinza kanirudishia balbu tatu za Zigbee: "Kaka, ya uani mara inashika, mara haionekani kwenye simu." Nikazifunga hapa Kariakoo, zote zikawaka vizuri. Nikamuuliza, taa ya koridoni mnaizimaje? "Si swichi ya ukutani!"

Basi. Balbu za Zigbee hupokezana mawimbi, ya karibu na habu inampitishia ya mbali. Ya koridoni ikikatwa umeme ukutani, ya uani inakosa njia, labda kuwe na nyingine ya kupitia. Swichi ibaki imewashwa muda wote, kuzima ni kwenye simu. Na wenye nyumba wote waambiwe, maana bibi hatafuti simu, anatafuta swichi.

Za waifai hazipokezani, kila moja inaongea na ruta moja kwa moja. Nyingi zinashika gigahezi 2.4 tu, kwa hiyo ruta ikirusha 5 peke yake, balbu haiioni. Halafu umeme ukikatika au LUKU ikiisha, ukirudi nyingi zinawaka zenyewe, hata iwe saa nane usiku. Mteja akijua mapema hakupigii.

Siku hizi kabla ya kupokea hela nauliza inbox: ruta iko chumba gani, taa ya mbali iko wapi, kitako cha pini au skrubu, na nani anazima. Wa Sinza kazichukua tena. Boda ya kurudisha na ya kupeleka upya nimelipa mimi.