Stadi Tano Kati ya Kumi

Majuma machache yaliyopita mjukuu wangu wa miaka kumi na mmoja aliniletea daftari na penseli akasema, "Babu, usiniambie la kufanya. Nisaidie kufikiri tu." Mkononi alikuwa na kitabu kikuukuu ambacho mama yake alikinunua katika duka la mitumba hapa mtaani kwetu, Uingereza. Mama mwenyewe alikwisha kujuta, maana alipokifungua alikutana na picha za mazimwi, akataka kukirudisha. Nilimwomba anipe nikisome kwanza. Nimekisoma, na kwa kuwa najua wako wazazi wenye wasiwasi kama wake, naomba nafasi nieleze nilichokikuta.

Kitabu chenyewe ni Flight from the Dark, cha kwanza katika mfululizo wa Lone Wolf, alioutunga Mwingereza Joe Dever na kuanza kuuchapisha mwaka 1984. Si hadithi ya kusomwa moja kwa moja. Imegawanywa katika sehemu 350 zenye nambari, na aghalabu mwisho wa sehemu msomaji huulizwa atakalo: akipita msituni aende nambari hii, akifuata barabara aende ile. Shujaa ni msomaji mwenyewe. Yeye ndiye mwanafunzi aliyenusurika peke yake baada ya monasteri ya mashujaa wa Kai kuteketezwa, naye hana budi kumfikishia mfalme habari hiyo akiwa hai.

Vitabu vya namna hii vilikwisha kupendwa sana hapa tangu 1982, Steve Jackson na Ian Livingstone walipotoa The Warlock of Firetop Mountain. Humo uwezo wa shujaa hupimwa kwa dadu: ukibahatika unazaliwa hodari, usipobahatika, basi. Dever naye hakuiacha bahati kabisa, kwani uhodari wa vita na ustahimilivu hupatikana kwa kufumba macho na kudondosha ncha ya penseli juu ya jedwali la tarakimu. Lakini baada ya hapo humtaka msomaji achague stadi tano kati ya kumi, na asizozichagua hawezi kuzitumia safari nzima. Mimi niliyefundisha hisabati miaka mingi sikuweza kujizuia kupiga hesabu: zipo njia 252 za kuchagua.

Nilitoa sharti moja, kwamba stadi zote tuziandike kwa Kiswahili. Tulibishana jioni nzima. Tulipata uwindaji, uponyaji, kufuata nyayo, ubingwa wa silaha, udugu na wanyama, pigo la fikra, kinga ya fikra, na kusogeza vitu kwa nia. Ile inayomwonya shujaa juu ya hatari nilitaka tuiite hisi ya sita. Kijana akanitazama. "Babu, si machale hayo?" Ni neno alilolipata kwa mama yake. Nilifuta langu.

Ya kumi nitaijia.

Mara ya kwanza alichagua kama achaguavyo kila mvulana: silaha, pigo, kinga, na nyingine mbili za kutisha watu. Sasa, ubingwa wa silaha una hila yake. Silaha huchaguliwa na jedwali, si na wewe. Penseli yake iliangukia mkuki, na shujaa huanza safari akiwa na shoka. Alama mbili za nyongeza hupatikana pale tu unapoishika silaha yenyewe, hivyo mjukuu wangu alikuwa bingwa wa mkuki asio nao. Zaidi ya hayo, kila anapotakiwa kula naye hana chakula, hupoteza alama tatu za ustahimilivu. Alikufa kabla ya magharibi, kwa hasira nyingi.

Nikamwonyesha uponyaji: humrudishia majeruhi alama moja tu katika kila sehemu isiyo na mapigano. Alama moja! Akacheka. Nikamwambia ahesabu ni sehemu ngapi alizopita bila kupigana. Alihesabu, akanyamaza, akaiandika. Uwindaji nao akauandika bila kusukumwa, maana mwindaji hahitaji akiba ya chakula ila nyikani na jangwani. Kisha machale, kisha kufuata nyayo.

Ikabaki nafasi moja, nasi tukaifikia ile ya kumi. Stadi hiyo humwezesha shujaa kujificha kati ya miti na mawe. Na akiwa mjini, humwezesha kuonekana na kusikika kama mwenyeji wa pale. Tuliiita kujigeuza mwenyeji. Akaiandika upesi, akaukata udugu na wanyama ambao niliujua kuwa anaupenda.

Nikamwuliza kwa nini. "Hii ninayo tayari, Babu. Shuleni naitumia kila siku."

Wasomaji, huyu ndiye mtoto ambaye ndani ya basi nikimsemesha Kiswahili hunijibu kwa Kiingereza, kwa sauti ya chini, uso dirishani. Nilikwisha kumgombeza kwa hilo zaidi ya mara moja, nikidhani ni utovu wa adabu. Nikasema, "Kama unayo tayari, kwa nini uitumie nafasi yako ya mwisho?"

"Kwa sababu nisipoiandika siruhusiwi kuitumia. Na udugu na wanyama nitauchukua nikimaliza."

Hapo alikuwa sahihi. Kila kitabu unachokimaliza hukuongezea stadi moja: cha pili unakianza na sita, cha tano na tisa. Hata hapo bado moja hunayo.

Alimfikia mfalme Jumamosi ya tatu. Niliwahi kumkuta ameshika ukurasa wa nyuma kwa kidole, ili arudi mambo yakiharibika, sikusema kitu. Mama yake ameacha habari ya kukirudisha kitabu. Kwa watakaotaka kujaribu bila gharama, Dever, aliyefariki mwaka 2016, aliruhusu tangu 1999 vitabu vya mfululizo huo vitolewe bure kwenye intaneti.

Ndani ya basi bado hunijibu kwa Kiingereza, nami siku hizi simgombezi.

Jumamosi ijayo zamu ni yangu. Nimekwisha kuandika nne. Kwa ya tano nimesita kati ya udugu na wanyama na kujigeuza mwenyeji, na mjukuu wangu amekataa katakata kunisaidia.