Kufunga Breki na Kuganda kwa Gurudumu: Tatizo la Motokaa za Awali

Dereva wa Kiswahili "hufunga breki" anapotaka kusimama. Gurudumu linapoacha kuzunguka ilhali gari lingali likienda, nalo husemwa "limefunga". Kitenzi kimoja kinabeba dhana mbili zinazopingana, na msikilizaji anaweza kudhani kuwa ya pili ni kilele cha ya kwanza. Katika makala haya dhana ya pili tutaiita kuganda.

Tofauti hiyo ilipimwa kabla ya motokaa kuwako. Mwaka 1878, nchini Uingereza, Douglas Galton, akishirikiana na George Westinghouse, alifanya majaribio kwenye reli ya London na Brighton kwa behewa lililowekwa vipimio. Ilidhihirika kuwa magurudumu yalipoganda na kuburuzwa, kani ya kulizuia behewa ilipungua sana. Gurudumu linalozunguka hugusana na njia bila kuteleza. Lililoganda huteleza, na msuguano wa vitu vinavyotelezana huwa hafifu zaidi.

Motokaa za awali zilizidisha tatizo, kwa kuwa nyingi zilikuwa na breki za nyuma tu. Gari linapozuiwa, uzito huelemea mbele. Magurudumu ya nyuma, ambayo ndiyo yenye breki, hupungukiwa na mzigo na kuganda mapema. Hapo hupoteza pia uwezo wa kulizuia gari lisiende upande, na mkia huserereka hata kutaka kutangulia. Tukikadiria gari la kawaida kwenye barabara kavu, kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, breki za nyuma pekee huhitaji kama mita 24 kulisimamisha. Breki za magurudumu yote manne, kama mita 11. Hivyo mpimaji aliyeandika umbali tu, asitazame alama za mpira barabarani wala mwelekeo wa gari, alipima nusu ya jambo.

Duesenberg ya mwaka 1921 ilikuwa na breki za haidroliki kwenye magurudumu yote manne. Hata hivyo, magurudumu ya mbele yakiganda, usukani haufai kitu. Mfumo wa kielektroniki wa Bosch wa kuzuia hali hiyo uliingia katika magari ya Mercedes-Benz mwaka 1978.

Mfumo huo tukiuita "breki zisizofunga", mnunuzi ataelewa kuwa breki ni mbovu, na atakuwa na haki. Tunapendekeza "breki zisizogandisha magurudumu": ni refu, lakini halimdanganyi dereva.