Je, Wajua? Somo la Kompyuta Huanzia Vidoleni

Je, wajua kwamba mtoto wa darasa la tatu anaweza kuhesabu hadi 31 kwa vidole vya mkono mmoja? Gumba ni 1, cha shahada 2, cha kati 4, cha pete 8, cha mwisho 16. Kidole kilichosimama kinahesabiwa, kilichokunjwa kinaachwa. Akisimamisha gumba na cha kati amepata 5. Akisimamisha vyote, 31. Ndivyo kompyuta inavyohifadhi kila namba, kila herufi na kila picha: kwa 0 na 1 tu. Mwalimu asiye na mashine hata moja anaweza kulifundisha somo hili chini ya mwembe.

Michezo ya aina hii imejaa katika CS Unplugged, masomo ya kompyuta bila kompyuta yaliyotungwa miaka ya 1990 na Tim Bell wa New Zealand pamoja na Ian Witten na Mike Fellows. Ninaoupenda kuliko yote ni wa kadi. Mtoto anapanga kadi 25, mistari mitano ya kadi tano tano, nyingine nyeusi juu, nyingine nyeupe, apendavyo. Mwalimu anaongeza kadi moja mwisho wa kila mstari na chini ya kila safu, na moja pembeni, akisema anataka mchezo uwe mgumu zaidi. Kumbe anahakikisha kila mstari na kila safu ina kadi nyeusi za idadi shufwa. Anageuka, mtoto anapindua kadi moja. Mwalimu akirudi anaigusa papo hapo! Mstari mmoja na safu moja sasa zina idadi witiri, na zinapokutana ndipo ilipo. Darasa likishatulia, watoto wanaambiwa kwamba hata kompyuta huongeza tarakimu za ukaguzi, ili ujumbe ukiharibika njiani ijulikane.

Mmoja wa walioamini mapema kwamba mtoto anaweza kuiamuru mashine ni Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, Afrika Kusini. Mwaka 1967 yeye, Cynthia Solomon, Wally Feurzeig na wenzao huko Marekani walibuni Logo, lugha ya programu kwa watoto. Baadaye ikaja roboti iliyoitwa kobe, ikichora sakafuni kwa kalamu: mbele 100, kulia 90, rudia mara nne, mraba umekamilika. Scratch, iliyotolewa na MIT mwaka 2007, imefuata nyayo hizo, nayo inatumika kwa Kiswahili pia.

Kenya ilianza kugawa tableti kwa darasa la kwanza katika shule za umma mwaka 2016. England ilikuwa imelifanya somo la kompyuta kuwa la lazima tangu Septemba 2014, kuanzia umri wa miaka 5, na katika mtaala uleule mtoto anafundishwa kutunza taarifa zake binafsi na kujua pa kukimbilia akikutana na jambo la kumtisha mtandaoni. Nadhani hapo walifanya la maana sana: usalama haukuachiwa hotuba ya siku moja ya mgeni rasmi.

Je, wajua kwa nini mitandao mingi ya kijamii hudai miaka 13? Chanzo ni sheria ya Marekani ya mwaka 1998, inayotaka idhini ya mzazi kabla ya kukusanya taarifa za mtoto aliye chini ya umri huo. Sheria hiyo inahusu taarifa; haisemi kwamba mtoto wa miaka 13 amekomaa kukabiliana na kila anayemwandikia.

Picha ya simu inaweza kubeba ndani yake saa na mahali ilipopigwa. Na hata taarifa hizo zikifutwa, nembo ya shule kwenye sweta inasomeka vizuri kabisa.

Mtoto anayetishiwa kwamba picha yake itasambazwa mara nyingi hunyamaza, akihofia kugombezwa na kunyang'anywa simu. Mzazi amwahidi mapema kwamba akisema hataadhibiwa. Akishindwa kumwambia mtu wa nyumbani, Kenya, Tanzania na Uganda zote zina namba ya kuwasaidia watoto, bila malipo: 116.