Magamba Mgongoni mwa Panya

Asubuhi moja nilifungua kizimba nikakuta panya wangu wamejaa magamba mgongoni na shingoni, meupe yenye umanjano, mfano wa mba. Nilirudisha mfuniko, nikavua glavu, nikaenda kumwita daktari wa wanyama.

Kazi yangu ni kutunza panya wa utafiti wa saratani hapa Glasgow, mji ambako panya wasio na manyoya kama hawa waligunduliwa mwaka 1962. Mwaka 1968 ikabainika kuwa hawana tezi ya thaimasi, kambi ambamo seli T, askari wa kinga ya mwili, hufunzwa. Mwaka uliofuata, watafiti Rygaard na Povlsen wa Copenhagen waliwapandikiza saratani ya utumbo mpana ya binadamu, nayo ikaota. Panya wa kawaida angeikataa. Hawa hawana askari wa kuizuia.

Lakini mlango ulio wazi kwa saratani u wazi pia kwa vimelea. Magamba yale yaliletwa na Corynebacterium bovis, bakteria ambaye panya mwenye kinga kamili hamhisi. Staphylococcus aureus, anayeishi puani mwa watu wengi wenye afya, huwatia majipu. Pseudomonas hujificha kwenye chupa za maji, kisha huingia katika damu.

Hasara haiishii kwa panya. Aliyeugua hukonda, na huenda uvimbe aliopandikizwa usiote sawasawa. Ukisinyaa, mtafiti atajuaje kama ni dawa au maradhi? Amoksisilini hupunguza magamba, ila bakteria hubaki. Tuliliondoa kundi zima, na jaribio likaanza upya. Niliumia: panya wale walitoa uhai wao bila kutupa jibu.

Ndiyo maana maranda na chakula chao hupitishwa kwenye mvuke wa moto, maji hutiwa asidi kidogo, na hewa huchujwa. Asubuhi naanza na hao dhaifu, kabla mikono yangu haijagusa panya wengine, kwa kuwa bakteria yule wa magamba husafiri kwa glavu, kwa maranda na kwa vumbi la ngozi.

Mgonjwa anayengoja dawa hanijui, lakini ukweli wa dawa yake hupita mikononi mwangu. Kwa hiyo kila nikifunga kizimba, navua glavu na kuvaa nyingine. Vizimba 40, jozi 40.